Ziwa la implanti baada ya kukatwa: maswali munayoniuliza kila siku

Mimi ni fundi cherehani, si daktari, nianze na hilo tusije tukadanganyana. Nashona madera na sare za shule pale Majengo, Mombasa. Ziwa langu la kushoto (bara waita titi, sisi huku ni ziwa) lilikatwa kwa sababu ya kansa, likatengenezwa kwa implanti, na kazi niliyoambiwa ni "operesheni moja tu mama" ikaishia kuwa tatu. Tangu hapo simu yangu haipoi, mara dada wa Likoni, mara binti ya fulani wa Kisauni, mara shemeji ya mtu kule Malindi, na wote wauliza yale yale, sa nimeona niyaandike pahali pamoja. Kuhusu mwili wako wewe daktari wako ndo mwenye neno manake yeye ndo ameshika ripoti, mimi nakupa tu ya kumuuliza kabla hujapandishwa kitanda.

Implanti ni kitu gani hasa? Ni kama ile sponji ya sidiria?

La. Sponji wavaa wavua. Implanti ni mfuko wa silikoni unaotiwa ndani ya mwili, na ndani yake muna jeli ya silikoni au maji ya chumvi ya hospitali. Si kitu cha juzi, ya kwanza ya silikoni ilitiwa Houston, Marekani, 1962. Ukikatwa ziwa lote kinachobaki ni ngozi, pengine na chuchu, na msuli wa kifua, basi implanti ndo hujaza ule uwazi. Ukivaa dera hakuna ajuaye. Ukivua, wewe wajua, manake kovu lipo na ziwa hilo halitikisiki kama mwenziwe, hata ukilala chali lasimama pale pale.

Lazima nitengenezwe?

Hapana, na asikusukume mtu, awe mume, mama mkwe wala daktari. Kuna wanaobaki bapa na wako sawa kabisa. Kuna ziwa la kuvaa ndani ya sidiria, la silikoni la dukani au la kushona, mimi mwenyewe nawashonea wenzangu ya kitambaa cha pamba na natia mtama kidogo ndani ili liwe na uzani lisipande shingoni ukitembea. Na kuna kutengenezwa kwa nyama yako mwenyewe, ya tumbo ama ya mgongo. Hiyo ni operesheni ndefu zaidi, wapona pahali pawili, na ile ya tumboni inayounganishwa mishipa midogo midogo yataka daktari aliyebobea, lakini uzuri wake ni nyama yako, ukinenepa nayo yanenepa, na hakuna kitu cha kuja kubadilishwa mbele. Implanti operesheni yake ni fupi, ila ndo hivyo, yataka kuangaliwa maisha.

Nitengenezwe siku ile ile nikatwapo ama nisubiri?

Hapa ndo pa kukaa kitako, manake hili ndo swali lenyewe na watu hulipita mbio wakakimbilia kuuliza saizi.

Siku ile ile faida yake ni kwamba ngozi yako bado iko, daktari wa kukata akijua mwenziwe wa plastiki (huyo ndo wa kutengeneza ziwa) yuaja nyuma yake huiacha ngozi nyingi na pengine chuchu pia kama kansa haiko karibu nayo. Waamka una kitu kifuani. Kusubiri faida yake ni kwamba wamaliza kwanza matibabu, wajua umesimama wapi, halafu watengeneza kwa utulivu, hata baada ya miaka yawezekana, wala usiambiwe umechelewa.

Sa shida iko hapa. Operesheni ya siku ile ile ikileta matatizo, kidonda kisifunge au usaha uingie, kemo (zile dawa kali za kuua kansa) yaweza kucheleweshwa, na kemo haifai kusubiri implanti. Kwa hivyo kabla ya kukatwa hakikisha madaktari watatu wameongea, wa kukata, wa plastiki, na wa kemo na mionzi. Si waongee kupitia wewe, eti wewe ndo tarishi wabeba habari kutoka kliniki hii hadi ile. Waongee wao, na wakuandikie ratiba, kipi kwanza, kipi pili, na wiki ngapi katikati. Kama kemo yaanza kabla ya kukatwa, huwa wasubiri wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho ili damu irudi sawa.

Na nikiambiwa nitapigwa mionzi?

Hilo ndo lililonichoma mimi, kwa maana zote mbili.

Nilikatwa hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari akaniambia uvimbe ni mdogo, mionzi hakuna, tutatia implanti moja kwa moja mambo yaishe. Nikafurahi mno. Wiki tatu baadaye majibu ya maabara yakarudi, tezi za kwapani zina kansa, mionzi lazima. Hakuna aliyekuwa amekaa na mimi akaniambia kwamba jibu la tezi laweza kugeuza mpango wote, na kwamba tungeweza kutia ekspanda (puto la muda la kunyoosha ngozi, nalieleza hapo chini) kwanza tukangoja.

Nikapigwa mionzi juu ya implanti. Miezi minane baadaye ziwa likawa gumu kama dafu na likaanza kupanda juu kuelekea mtulinga, sidiria ikawa haikai. Nitakueleza kama fundi. Mwili ukipata kitu kigeni hukizungushia utando, hilo ni la kawaida kwa kila implanti. Ila kwa wengine utando ule hukaza, hubana, na madaktari huupima daraja 1 hadi 4, 1 ni laini kabisa na 4 ni ngumu, yaonekana kwa macho na yauma. Mionzi huongeza sana nafasi ya jambo hilo. Na ngozi iliyopigwa mionzi ni kama kitambaa kilichounguzwa na pasi, ukikitazama kiko, ukikivuta hakivutiki, na ukikishona sindano yakipasua.

Ikabidi implanti itolewe na ule utando, nikaletewa msuli wa mgongoni na ngozi yake ukapitishwa kwapani kuja mbele, chini yake ekspanda. Miezi mitano baadaye ekspanda ikatoka ikaingia implanti. Ndo hizo tatu.

Simaanishi ukipigwa mionzi implanti haiwezekani, wako waliopigwa na wamekaa salama. Namaanisha swali la kwanza kwa daktari lisiwe saizi, liwe "kuna uwezekano gani nikapigwa mionzi, na ikitokea mpango utageuka vipi?" Na kama mionzi imeshapita, wengi husubiri angalau miezi 6 ndo ngozi ikaguswe tena, na mazungumzo ya nyama ya mwili wako huanza kuwa na uzito kushinda implanti tupu.

Ekspanda ni nini, na kujazwa kwauma?

Ekspanda ni puto la muda. Yatiwa ikiwa karibu tupu, halafu kidonda kikishakauka, kama wiki mbili hivi kwa wengi, yaanza kujazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kila wiki moja au mbili hadi ngozi inyooke ikatoshe implanti. Kuna wasioihitaji, kama ngozi imebaki nyingi na nzima hutiwa implanti moja kwa moja.

Siku yangu ya kwanza nesi alitoa kisumaku kilichofungwa uzi, akakininginiza juu ya kifua changu, kikawa chayumba yumba mpaka kikatulia pahali pamoja. Hapo ndo pana mlango wa ekspanda, una chuma ndani. Akatia alama kwa kalamu, akapaka dawa, sindano ikaingia na wallahi sikuhisi kitu, ngozi yenyewe ina ganzi. Maji 60 ml yakaingia polepole na mimi natazama ziwa lainuka mbele ya macho yangu kama hamri kwenye mafuta. Nikacheka. Nesi naye akacheka, akaniambia usiku hutacheka, na kweli usiku kifua kilibana kama nimevaa blauzi ya mtoto, nikameza panadol nikalala nimeegemea mito. Siku ya pili yake kikalegea. Tulirudia mara sita.

Jambo la muhimu na watu hawaambiwi: kwa sababu ya hicho chuma, ekspanda nyingi haziruhusiwi kuingia mashine ya MRI, ile ipigayo picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali. Ukiandikiwa MRI, hata ya mgongo, sema kabla. Kadi ya ekspanda kaa nayo.

Angelina Jolie, yule mcheza filamu wa Marekani, alipojikatisha maziwa yote mawili 2013 kwa kujikinga alieleza kwamba yeye pia alitiwa vya muda kwanza, na implanti zikaja wiki 9 baadaye. Nasema hivi manake kuna mtu huniambia ekspanda ni ya wasio na pesa.

Naeza kwenda na ekspanda Nairobi kwa treni ya SGR? Mashine haitalia?

Yaweza kulia, ni chuma. Pale stesheni ya Miritini mbwa wa ukaguzi hakunishughulikia kabisa, yeye shida yake mabegi, ila mashine ya pili ililia na askari wa kike akanipeleka pembeni. Nilikuwa na barua ya daktari, akasoma, akaniambia pole mama, nikapita. Beba barua.

Silikoni au maji ya chumvi?

Kwa waliokatwa ziwa wengi huishia silikoni, manake juu yake hakuna mafuta wala nyama ya kuficha na ile ya maji huonesha mikunjo kama shuka isiyonyooshwa. Uzuri wa ile ya maji ni ikipasuka wajua siku hiyo hiyo, ziwa lashuka na maji mwili wayanyonya. Ya silikoni yaweza kupasuka ukakaa miaka hujui. Marekani waliwahi kuzizuia za silikoni 1992 kwa kutaka uchunguzi zaidi, isipokuwa kwa waliokuwa wakitengenezwa baada ya kukatwa na wachache wengine, wakaziruhusu tena 2006.

Saizi nayo haiendi kwa namba za sidiria. Yapimwa kwa ml, na kinachoangaliwa kwanza ni upana wa kifua chako, kama mimi nipimavyo bega kabla ya kuuliza wataka mkono mrefu au mfupi. Na ziwa lako la pili likiwa limelala na hilo jipya limesimama, daktari aweza kukushauri la pili lipandishwe au lipunguzwe ili yafanane. Muulize mapema, hiyo pia ni operesheni na ni pesa.

Nimeskia implanti zenyewe zaleta kansa. Kweli?

Kuna ukweli ndani yake lakini si kama watu wanavyousambaza. Kuna kansa adimu ya kinga ya mwili, si ya ziwa lenyewe, inayotokea kwenye ule utando, na imehusishwa zaidi na implanti zenye ngozi ya mkwaruzo kuliko zile laini. Julai 2019 kampuni ya Allergan ilizirudisha dunia nzima zile zake za mkwaruzo za Biocell. Dalili yake mara nyingi ni ziwa kuvimba maji ghafla miaka kadhaa baada ya kutiwa, na ikishikwa mapema wengi hupona kwa kutolewa implanti na utando wake.

Kwa hivyo uliza, yangu ni laini au ya mkwaruzo? Jina la kampuni? Namba yake? Baada ya operesheni udai ile kadi yenye stika, ipige picha, mtumie na mwanao. Mimi ya ile implanti ya kwanza sikupewa, na nilipoirudia niliambiwa faili halionekani.

Na kansa yako ya mwanzo, implanti hairudishi wala haiifichi isionekane. Upande uliokatwa wote kwa kawaida haupigwi mamogramu (ile eksirei ya ziwa), wakaguliwa kwa mkono. Upande uliobaki ndo wa kupigwa, usiusahau ukajali huu tu.

Mwenzangu kaniambia watia ngozi ya nguruwe. Ni kweli?

Yaweza kuwa kweli. Implanti huwekwa chini ya msuli wa kifua au juu yake, na mara nyingi hasa ikiwa juu hutiwa kitu kama bitana cha kuishikilia isiteremke. Bitana hiyo ni ngozi iliyosafishwa chembe zote, kuna ya binadamu aliyejitolea, kuna ya ng'ombe, kuna ya nguruwe, na kuna nyavu za kiwandani. Si kila daktari aitumia na si kila mtu aihitaji. Kama jambo hili lakugusa, uliza siku ya kwanza na liandikwe kwenye faili, usingoje uko kwenye kitanda cha magurudumu ndo ukumbuke. Daktari wangu hakushangaa hata kidogo, aliniambia nusu ya wagonjwa wake wa pwani wamuuliza.

Na dini je, si kubadilisha maumbile?

Mimi nilimuuliza sheikh wetu wa mtaani, akanitenganishia kati ya kujipamba na kurekebisha kilichoharibiwa na maradhi, akasema hili la pili halina ubaya kwake. Nenda kwa wako umuulize. Kuhusu udhu na mabendeji pia muulize yeye, kuna ruhusa za mgonjwa ambazo watu hawazijui wakaenda wakalowesha kidonda.

Nina sukari. Nitakataliwa?

Si lazima, lakini sukari ikiwa juu kidonda hakifungi na usaha waingia haraka, sa daktari atataka ishuke kwanza. Hapo mahamri na chai ya maziwa tamu yapumzike. Uzani mkubwa nao huongeza matatizo. Sigara ndo mbaya zaidi, yabana mishipa midogo ya damu na ngozi ya ziwa lililokatwa yaishi kwa mishipa hiyo hiyo, ngozi yaweza kufa ikawa nyeusi. Wengi hutaka uache angalau wiki 4 kabla. Shisha ni tumbaku, msinidanganye kwamba ni matunda.

Na dawa za nyumbani taja zote. Habbat soda, vidonge vya kitunguu saumu, aspirini, zaweza kufanya damu isigande. Na kama wameza tamoxifen, ile dawa ya kuzuia kansa ya ziwa isirudi, sema pia, yenyewe kinyume chake yaweza kugandisha, kuna wanaoambiwa waisimamishe kwa muda na kuna wanaoambiwa waendelee, usijiamulie.

Kama una historia ya makovu ya kuvimba, yale ya keloidi kama ya masikio ya kutoboa, onesha daktari kovu lenyewe.

Mombasa au Nairobi? Na pesa je?

Kukatwa, kemo na mionzi siku hizi vyapatikana hapa hapa, hospitali ya Coast General kuna kituo cha saratani, zamani wengi wetu tulikuwa twapanda basi la usiku kwenda hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Daktari wa plastiki ndo wachache. Ukiamua Nairobi hesabu safari zote, si ya operesheni tu, kujazwa ekspanda mara tano sita ni tiketi tano sita kwenda na kurudi na pahali pa kulala. Wengine hupanga operesheni Nairobi na kujazwa Mombasa, lakini yataka madaktari hao wawili wakubaliane kabla.

Bei sitaandika, zabadilika na kila hospitali ina yake. Nitakwambia uombe karatasi inayotenga kila kitu, thieta, daktari, wa dawa ya usingizi, kitanda, ekspanda, implanti yenyewe, bitana kama ipo, na operesheni ya pili ya kubadilisha. Wengi hupewa bei ya ya kwanza tu. SHA, bima ya afya ya serikali iliyoshika pahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, ina pakiti ya saratani yenye kikomo cha mwaka kwa nyumba nzima, na kemo na mionzi hukila kikomo hicho kwanza. Kaa na mtu wa SHA pale hospitali akuangalizie kimebaki kiasi gani na kama kutengenezwa kumo, umpe muda wa kuomba idhini kabla. Bima ya kazini ikikwambia hii ni urembo, muombe daktari aandike kwa herufi kubwa kwamba ni kurekebisha baada ya kansa. Marekani kuna sheria tangu 1998 kwamba bima inayolipia kukatwa ilipie na kutengenezwa. Hapa ni kupigana na karatasi mkononi.

Baada ya operesheni nitakuwa vipi? Na joto hili?

Mimi nilikatwa Februari, kaskazi imekolea, feni yazungusha moto tu. Waamka na dreni, mipira myembamba inayotoka ubavuni na mwisho wake kuna kichupa laini saizi ya ndimu kubwa, chafyonza maji yenye damu. Wamwaga mara mbili kwa siku, waandika ml ngapi kwenye daftari, wengi hutolewa ikiwa chini ya 30 kwa siku. Nilishona mifuko miwili kwa ndani ya dera, pale kwenye kiuno, kila kichupa kikaa mfuko wake hata wageni wakija hawaoni kitu. Dera iwe ya vifungo mbele, kuivaa kwa kichwani hutaweza, mkono haupandi. Kwapa likauke, jasho likikaa pale lawasha na lawalisha wadudu, binti yangu alikuwa anipepea na kunipangusa kwa kitambaa safi kila saa moja kama harusi.

Siku mbili tatu hospitali kwa kawaida. Wiki za kwanza kiwiko kisipite bega, halafu mazoezi ya mkono yale utakayopewa uyafanye hata kama yauma, bega likishakaza ni kazi nyingine. Ndoo ya maji, mtoto, mtungi wa gesi, wiki 4 hadi 6 usiguse. Tuktuk kwa zile barabara zetu shika mto kifuani. Feri ya Likoni saa kumi na moja jioni usiende kabisa, ule msukumano wa watu wakishuka kiwiko kimoja tu kitakutoa machozi, ngoja ipungue.

Nikimbilie hospitali lini?

Homa. Ziwa jekundu na la moto (kwa weusi wetu wekundu hauonekani vizuri, shika kwa mgongo wa mkono ulinganishe na upande wa pili). Usaha au harufu. Ngozi kugeuka nyeusi. Kuvimba ghafla upande mmoja, hata ikiwa ni miaka baadaye. Mguu mmoja kuvimba na kuuma au pumzi kukata, hiyo usingoje asubuhi.

Chuchu na hisia vyarudi?

Chuchu ikiwa imekatwa yaweza kutengenezwa miezi baadaye kwa kukunja ngozi ya pale pale, halafu ikachorwa rangi. Kuna wanaochora rangi tu bila kukunja, na ukitazama kwa mbali hujui. Mimi sikutaka, nilikuwa nimechoka na thieta.

Hisia, nisikudanganye. Ganzi. Pengine pembeni parudi kidogo baada ya mwaka au miwili lakini si kama mwanzo. Jihadhari na pasi na chai ya moto, niliwahi kuegemea mlango wa jiko nikajua kwa harufu ya kitambaa.

Mume wangu hataki kutazama. Nifanyeje?

Wangu pia alikuwa ageuza uso. Nilidhani yuaona kinyaa, nikanuna mwezi mzima, kumbe yuaogopa kuniumiza na hajui pa kuweka mkono. Siku moja dreni iliziba usiku na binti amelala, nikamwita aje aukamue mpira kwa vidole vyake kama nilivyofundishwa na nesi, akatetemeka lakini akafanya, tangu hapo akawa ndo mwandishi wa daftari la ml. Sijui kama kwako itakuwa hivyo. Mpeleke kliniki siku moja amsikie daktari mwenyewe.

Itakaa miaka mingapi?

Si ya maisha. Wengine miaka 10, wengine 20, wengine yawabidi mapema. Haibadilishwi kwa tarehe kama gari kumwagwa oili, yabadilishwa ikileta shida. Ya silikoni Wamarekani hushauri ipigwe MRI au ultrasaundi baada ya miaka 5 au 6, halafu kila miaka 2 au 3, ili ijulikane kama imepasuka kimya kimya. Weka pesa kidogo kidogo ya hiyo, hata chama cha mtaani chafaa.

Leso ya kifuani nitaifunga lini tena?

Hili ndo laulizwa kwa sauti ya chini kushinda yote. Mimi ilikuwa wiki ya nane baada ya operesheni ya tatu. Usikaze fundo juu ya ziwa lenyewe, lipeleke pembeni chini ya kwapa la upande mzima, na leso mpya ile yenye wanga ifue kwanza mara mbili ilainike. Mwanzo itateremka teremka, manake implanti ni laini kwa juu na haishiki kitambaa. Nilishona kipande kidogo cha mpira kwa ndani ya pindo. Ukipita Majengo nitakushonea na wewe.